Bitcoin katika masoko makubwa ya fedha: imekubaliwa na nani, na kwa masharti gani?

Kuanzia tarehe 11 Januari 2024, mtu mwenye akaunti ya kununua hisa nchini Marekani anaweza kuweka fedha zake kwenye Bitcoin kwa njia ileile anayonunulia hisa za kampuni ya magari au ya mafuta. Tangu wakati huo swali moja limekuwa likitufikia mara kwa mara: kama mifuko na benki kubwa za dunia zimeikubali sarafu hii ya mtandaoni, je, sasa ni salama kwa mkulima, mfugaji au mwenye duka aliye na simu yake kijijini?

Jibu fupi ni hapana. Masoko makubwa hayakuiondolea Bitcoin hatari yake. Yaliijengea ghala lenye mlango, mlinzi na daftari, na ulinzi huo unamhusu yule tu aliyepitia mlangoni. Anayetumiwa namba ya kulipia kwenye WhatsApp yuko nje ya ghala hilo, hata kama ujumbe alioupata umejaa majina ya wakubwa. Katika makala haya tunaeleza ghala hilo lilijengwaje, linalinda nini na linaishia wapi.

Kwanza, sarafu ya mtandaoni ni nini?

Tuanze na kile tunachokifahamu wote. Ukiweka shilingi 10,000 kwa wakala, salio linaloonekana kwenye simu yako ni shilingi zilezile. Kampuni ya simu inatakiwa kuweka benki, katika akaunti ya dhamana, kiasi sawa na salio la wateja wake wote. Benki kuu inaisimamia. Ukikosea namba, kuna huduma kwa wateja ya kupiga. Leo, kesho na mwezi ujao, 10,000 yako inabaki kuwa 10,000.

Bitcoin ni kitu kingine kabisa. Maelezo yake yalichapishwa mtandaoni tarehe 31 Oktoba 2008 na mtu, au kikundi cha watu, waliotumia jina la Satoshi Nakamoto. Mpaka leo haijathibitika Nakamoto ni nani. Mtandao wenyewe ulianza kufanya kazi Januari 2009.

Wazo lake ni hili: badala ya benki moja kushika daftari la nani ana kiasi gani, daftari hilo linatunzwa na maelfu ya kompyuta duniani kwa wakati mmoja. Kila muamala unaandikwa katika madaftari yote, na ukishaandikwa haufutiki. Idadi ya Bitcoin imewekewa kikomo: hazitazidi milioni 21. Mwenye nazo anazimiliki kwa funguo za siri, yaani mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu. Aliye na funguo ndiye mwenye mali. Ukizipoteza, hakuna ofisi ya kukurudishia. Zikiibwa, hakuna wa kuurudisha muamala.

Nyuma ya Bitcoin hakuna akiba ya shilingi, dola wala dhahabu. Thamani yake ni kile ambacho mnunuzi mwingine yuko tayari kulipa siku hiyo. Tarehe 22 Mei 2010, mtu mmoja huko Florida, Marekani, alilipa Bitcoin 10,000 kwa piza mbili. Mwezi Oktoba 2025, Bitcoin moja ilipovuka dola 120,000, malipo yale ya piza yangekuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni moja. Hadithi hii hupendwa sana na wanaouza ndoto za utajiri. Nusu yake nyingine, ya bei inapoanguka, tutaifikia.

Kwa nini wakubwa walikaa mbali miaka mingi?

Meneja wa mfuko wa pensheni hachezi na fedha zake mwenyewe. Anashika za walimu, wauguzi na madereva. Sheria inamtaka aonyeshe mali iko wapi, nani anaitunza, inauzwa kwa bei gani, na mkaguzi aweze kuihesabu. Bitcoin ya miaka ya mwanzo haikuweza kujibu hata nusu ya maswali hayo.

Mwaka 2014 dunia ilipata mfano mchungu. Kampuni ya Mt. Gox ya Tokyo, Japani, ambayo wakati fulani ilikuwa soko kubwa kuliko yote la Bitcoin, ilifilisika baada ya kutangaza kwamba takribani Bitcoin 850,000 za wateja na zake hazionekani. Sehemu tu ya hizo ilipatikana baadaye. Wateja waliokuwa wameziacha mikononi mwa kampuni hiyo walisubiri miaka kumi ndipo wakaanza kurudishiwa chochote.

Haishangazi basi kwamba mwaka 2017 Jamie Dimon, mkuu wa benki ya JPMorgan Chase, aliiita Bitcoin utapeli, na Larry Fink, mkuu wa BlackRock, kampuni kubwa kuliko zote duniani katika kusimamia fedha za watu wengine, aliihusisha na utakatishaji wa fedha haramu. Miaka saba baadaye kampuni ya Fink ndiyo iliyokuwa inauza mfuko mkubwa wa Bitcoin. Kilichobadilika katikati ni njia ya kuifikia. Milango ilifunguliwa mmoja baada ya mwingine.

Mlango wa kwanza: soko la nafaka la Chicago

Mlango wa kwanza mkubwa ulifunguliwa mahali ambapo mkulima yeyote angepaelewa. Mji wa Chicago umekuwa na soko la nafaka tangu 1848. Hapo ndipo ulipokomaa utaratibu wa kukubaliana leo bei ya mahindi yatakayokabidhiwa miezi kadhaa ijayo. Mkulima anajua atapata kiasi gani, na mwenye kiwanda anajua atalipa kiasi gani. Pembeni yao wako wafanyabiashara wasio na shamba wala kiwanda, ambao kazi yao ni kukisia kama bei itapanda au itashuka. Mikataba hiyo tunaweza kuiita mikataba ya bei ya baadaye.

Desemba 2017 masoko mawili ya Chicago, Cboe na CME, yalianza kuuza mikataba ya namna hiyo kwa Bitcoin. Ile ya CME inamalizwa kwa dola: siku ya mwisho inahesabiwa tofauti ya bei, aliyeshinda analipwa, aliyeshindwa analipa. Hakuna anayemkabidhi mwenzake Bitcoin hata moja. Ni kama kubishania bei ya mahindi bila gunia kuletwa sokoni.

Kwa mara ya kwanza, taasisi yenye leseni iliweza kukisia bei ya Bitcoin bila kugusa zile funguo za siri. Lakini kumbuka kilichofuata. Wiki ileile mikataba ilipoanza CME, Bitcoin moja ilikuwa imekaribia dola 20,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 4,000. Soko lenye heshima lilikuwa limeipokea, na bei ikaanguka vilevile.

Mlango wa pili: hisa za kampuni

Aprili 2021 kampuni ya Coinbase, inayowauzia watu sarafu za mtandaoni, iliingiza hisa zake katika soko la Nasdaq la New York. Kununua hisa hizo hakumaanishi kununua sarafu. Ni kama kuwa na sehemu ya mashine ya kukoboa mpunga: mwenye mashine anapata ada kwa kila gunia linalopita, mchele ukiwa ghali au rahisi, ingawa wakulima wasipoleta mpunga naye anakaa bure.

Kampuni nyingine ziliamua kununua Bitcoin na kuiweka kama akiba. MicroStrategy, kampuni ya programu za kompyuta, ilianza Agosti 2020. Tesla, inayotengeneza magari ya umeme, ilitangaza Februari 2021 kwamba imenunua ya dola bilioni 1.5. Kuanzia hapo, aliyenunua hisa za kampuni hizi alikuwa amebeba kidogo cha hatari ya Bitcoin, pengine bila kujua.

Mlango mkubwa: stakabadhi ya Bitcoin

Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaujua vizuri mfumo wa stakabadhi ghalani. Unapeleka korosho kwenye chama cha ushirika, zinapimwa, zinahifadhiwa ghalani, na wewe unabaki na karatasi inayothibitisha kiasi chako. Mnunuzi anafanya biashara juu ya karatasi hiyo bila kubeba magunia.

Mfuko wa Bitcoin unaouzwa katika soko la hisa unafanana na hapo. Kampuni inayousimamia inanunua Bitcoin halisi na kumkabidhi mtunzaji maalumu, ambaye kazi yake ni kulinda zile funguo. Kisha mfuko unagawanywa vipande, na vipande vinauzwa sokoni kama hisa. Mwenye kipande anafaidika bei ikipanda na anaumia ikishuka. Hawezi kumtumia ndugu yake Bitcoin, kwa sababu alicho nacho ni kipande cha mfuko, na kila mwaka anakatwa ada ya usimamizi. Katika mfuko wa BlackRock ada hiyo ni asilimia 0.25.

Kanada iliruhusu mfuko wa namna hii Februari 2021. Marekani, lenye soko kubwa kuliko yote, ilichelewa. Ombi la kwanza lilipelekwa mwaka 2013 kwa SEC, tume inayosimamia masoko ya mitaji ya nchi hiyo. Tume ilikataa, ikaendelea kukataa kwa miaka kumi, ikisema soko la Bitcoin ni rahisi kuchezewa bei na walanguzi. Agosti 2023 kampuni ya Grayscale ilishinda kesi mahakamani. Majaji walisema tume haikueleza vya kutosha kwa nini iliruhusu mifuko ya mikataba ya bei ya baadaye na kukataa mifuko ya Bitcoin yenyewe.

Tarehe 10 Januari 2024 tume ilipiga kura, watatu wakakubali na wawili wakakataa, na mifuko 11 ikaruhusiwa. Kesho yake biashara ilianza, na siku hiyo ya kwanza pekee vipande vya takribani dola bilioni 4.6 vilibadilishana mikono. Julai mwaka huohuo ikafuata mifuko ya Ether, sarafu ya pili kwa ukubwa.

Mambo mawili ya siku zile hayakutangazwa sana huku kwetu, na tunadhani ndiyo yenye somo kubwa.

La kwanza: mwenyekiti wa tume hiyo wakati huo, Gary Gensler, alieleza siku ileile ya kuruhusu kwamba tume imeruhusu vipande vya mifuko viuzwe, na kwamba haikuithibitisha Bitcoin yenyewe. Aliwaonya wawekezaji waendelee kuwa na tahadhari. Kwa maneno mengine, aliyesaini kibali cha ghala alikataa kutoa neno juu ya ubora wa kilichomo ndani.

La pili: siku moja kabla, tarehe 9 Januari, ukurasa rasmi wa tume katika mtandao wa X ulitangaza kwamba mifuko imekubaliwa. Bei ikaruka. Muda mfupi baadaye ikajulikana kuwa tangazo ni la uongo. Mhalifu alikuwa amefanikiwa kuhamishia kwenye laini mpya namba ya simu iliyounganishwa na ukurasa huo, kisha akaingia. Ni mbinu ileile inayotumika hapa kwetu kumwibia mtu salio lake: laini yako inazimika ghafla, na mwingine anaanza kupokea ujumbe wako. Ikiwa ofisi ya serikali ya Marekani ilinaswa hivyo, nasi tuilinde laini yetu.

Ghala linalinda nini, na linaishia wapi?

Tuwe wa haki. Ulinzi wa mifuko hii ni wa kweli. Mwenye kipande anajua kuna Bitcoin iliyonunuliwa kwa ajili yake, mkaguzi huihesabu, ada zimeandikwa wazi, bei inaonekana kwa kila mtu, na kuna mamlaka ya kumshtaki anayedanganya.

Ulinzi huo hauigusi bei. Novemba 2021 Bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa karibu dola 16,000. Tulihesabu kwa mfano wa nyumbani: aliyeuza ng'ombe kwa shilingi 1,000,000 na kununua kwenye kilele kile angebaki na takribani shilingi 230,000. Kama angehitaji ada ya shule mwezi huo, asingekuwa na nafasi ya kusubiri ipande tena. Ilipanda, ni kweli. Desemba 2024 ilivuka dola 100,000 kwa mara ya kwanza. Kisha baada ya kuvuka 120,000 Oktoba 2025, mwezi uliofuata ilishuka chini ya 90,000. Mifuko ilikuwepo muda wote huo. Aliyekuwa ndani ya ghala alishuka pamoja na aliyekuwa nje.

Hapa kuna jambo linalosahaulika kila tunaposikia kwamba mfuko fulani mkubwa umeweka mamilioni: mamilioni hayo ni sehemu gani ya mali yake? Mfuko wa pensheni wa walimu wa jimbo la Ontario, Kanada, uliweka dola milioni 95 za Marekani katika kampuni ya FTX, iliyokuwa soko la sarafu za mtandaoni. FTX ilipoanguka Novemba 2022, mfuko ule ulifuta fedha zote hizo katika hesabu zake. Lakini kwa maelezo ya mfuko wenyewe, hiyo ilikuwa chini ya asilimia 0.05 ya mali yake. Kwa mtu mwenye shilingi 1,000,000, ni kama kupoteza shilingi 500. Inauma, lakini walimu wastaafu waliendelea kulipwa.

Vivyo hivyo Desemba 2024 wachambuzi wa BlackRock, wauzaji wenyewe wa mfuko mkubwa wa Bitcoin, waliwaambia wawekezaji wanaotaka kujaribu kwamba kiwango cha kufaa ni hadi asilimia 2 ya uwekezaji wao. Kwa mwenye 1,000,000, hiyo ni 20,000. Anayekuambia uuze kiwanja anadai anafuata njia ya wakubwa, lakini hata wakubwa wenyewe hawaendi hivyo.

Moto wa upande mmoja ukiruka upande wa pili

Kadiri masoko mawili yanavyounganishwa, ndivyo matatizo yanavyovuka. Mfano mzuri ni zile sarafu zinazoitwa tulivu, ambazo hutengenezwa ili moja iwe sawa na dola moja daima. Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaoagiza bidhaa nje, hasa dola zinapoadimika benki, ni miongoni mwa wanaozitumia. Nyingi kati ya hizo hufanya kazi kama akaunti ya dhamana ya kampuni ya simu: kwa kila sarafu, mtoaji anatakiwa awe na dola moja benki au katika dhamana za serikali ya Marekani.

Mwezi Mei 2022 sarafu tulivu iliyoitwa TerraUSD, ambayo haikuwa na akiba ya aina hiyo, iliporomoka ndani ya siku chache. Yenyewe na sarafu pacha yake, Luna, zilizama na thamani ya makumi ya mabilioni ya dola. Machi 2023 ilikuwa zamu ya sarafu yenye akiba. Benki ya Silicon Valley huko California ilianguka, na ndani yake kulikuwa na dola bilioni 3.3 za akiba ya sarafu iitwayo USDC. Kwa siku kadhaa USDC iliuzwa chini ya dola moja, na kuna wakati ilishuka chini ya senti 90, mpaka serikali ya Marekani ilipotangaza kwamba waliokuwa na fedha katika benki hiyo watalipwa zote. Mara hii ni benki iliyoiangusha sarafu.

Kuhusu FTX, mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa Machi 2024 kifungo cha miaka 25 jela kwa kutumia fedha za wateja. Sheria nazo zikafuata. Umoja wa Ulaya ulianza kutumia kanuni zake kamili za sarafu hizi mwishoni mwa 2024, na Julai 2025 Marekani ilipitisha sheria inayomtaka mtoaji wa sarafu tulivu awe na akiba ya dola moja kwa kila sarafu.

Serikali zinasemaje, za mbali na za hapa?

El Salvador ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuifanya Bitcoin fedha halali, Septemba 2021. Kila raia aliyefungua pochi ya serikali kwenye simu alipewa zawadi ya Bitcoin ya dola 30. Wengi waliichukua zawadi, wakarudi kwenye dola. Januari 2025, baada ya makubaliano ya mkopo wa dola bilioni 1.4 na Shirika la Fedha Duniani, sheria ilibadilishwa na mwenye duka hakulazimishwa tena kuipokea. Jamhuri ya Afrika ya Kati ilifuata njia hiyo Aprili 2022, na mwaka uliofuata ikaiacha.

Hapa Tanzania, Benki Kuu ilitoa tahadhari Novemba 2019 ikikumbusha kwamba fedha halali ni shilingi, na kwamba biashara ya sarafu za mtandaoni haijaruhusiwa. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa, kwa kuwa sarafu hizo zinakuja. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Wapo wanaoitumia kodi hiyo kama ushahidi kwamba serikali imeidhinisha. Kutozwa kodi si sawa na kupewa ulinzi. Mamlaka ya mapato kuchukua sehemu yake hakumaanishi kuna ofisi itakayokulipa ukiibiwa.

Kenya ilianza na onyo la Benki Kuu yake mwaka 2015. Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria ya watoa huduma za mali za mtandaoni, inayowataka wawe na leseni na kuwaweka chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Sheria ni mwanzo. Kwa msikilizaji wa Kenya, swali sasa ni rahisi zaidi kuuliza: leseni yako iko wapi?

Wanaotumia habari hizi kutuibia

Kila habari njema kuhusu Bitcoin inapotangazwa, matapeli hupata nguvu mpya. Mfano uliofika mpaka ukanda wetu ni OneCoin. Ilianzishwa mwaka 2014 na Ruja Ignatova, ikauzwa katika nchi nyingi, Uganda ikiwemo, kama mpinzani wa Bitcoin. Waendesha mashtaka wa Marekani walisema watu waliweka zaidi ya dola bilioni 4. Hapakuwa na daftari la pamoja wala soko la kuiuzia. Bei iliyoonekana kwenye skrini ilikuwa namba iliyoandikwa na wenyewe. Ignatova alitoweka Oktoba 2017, na tangu 2022 yumo katika orodha ya watu kumi wanaosakwa zaidi na FBI. Mwenzake, Karl Greenwood, alihukumiwa miaka 20 jela mwaka 2023.

OneCoin ilisambaa kupitia majirani, waumini wenza na ndugu, kila mmoja akilipwa kwa kumleta mwingine. Ndiyo maana hatuwezi kukupa ushauri wa "mwamini unayemjua". Anayekuletea mara nyingi ni mtu mwema ambaye naye amedanganywa.

Kabla hujatuma pesa, jiulize:

1. Nimeahidiwa faida ya uhakika kila siku au kila wiki? Hakuna mfuko hata mmoja kati ya ile 11 ya Marekani unaoahidi hivyo.

2. Ninalipwa kwa kuleta watu? Basi faida ya wa mwanzo inatoka mfukoni mwa wa mwisho.

3. Kampuni hii ina leseni ya nani? Piga simu au nenda kwa mamlaka yenyewe kuuliza. Picha ya cheti iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp haithibitishi chochote.

4. Ninaweza kutoa pesa zangu leo? Jaribu kutoa kidogo kabla ya kuongeza. Lakini fahamu kwamba matapeli wengi hukuachia utoe mara ya kwanza ili uwaamini.

5. Nani anashika funguo? Kama jibu ni "mtumie admini wa kundi", acha.

6. Kiasi hiki kikipotea chote, nyumbani tutakula nini na mtoto atasoma kwa nini? Kama huna jibu, hicho si kiasi cha kujaribia.

Kama tayari umetuma na sasa huwezi kutoa, usitume pesa ya pili ili kuifungua ya kwanza, hata wakiita kodi, ada au faini. Usifute mazungumzo. Andika namba za simu, majina yaliyotokea kwenye miamala, tarehe na viwango. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako siku hiyohiyo uombe muamala uzuiwe kama bado pesa haijatolewa, kisha nenda kituo cha polisi utoe taarifa na upewe namba ya jalada. Mwambie pia aliyekuleta, na uliowaleta wewe. Kila saa moja ya aibu na kimya ni saa ambayo mtu mwingine kijijini anatuma.